Lugha ya Mwongoza Wageni: Mafunzo ya Kufasiri Makumbusho na Nyumba za Kale

1. UTANGULIZI

Makala haya yanakusudia kuchunguza lugha ya mtu ambaye kazi yake ni kuwaongoza wageni ndani ya makumbusho na nyumba za kale, na namna anavyoweza kufundishwa lugha hiyo. Aghalabu kazi hii huhesabiwa kuwa tawi la utalii, na kwa hivyo huachiwa walimu wa utalii. Tangu Chuo cha Utalii cha Kenya kilipoanzishwa mwaka 1975, na hasa tangu waongoza safari walipounda chama chao cha kitaaluma mwaka 1996, chenye ngazi tatu za shaba, fedha na dhahabu, mafunzo ya kazi hii yamepata utaratibu unaoeleweka. Mwanafunzi hujifunza majina ya ndege na wanyama, desturi za kumpokea mgeni, na tarehe za historia. Hata hivyo, mengi katika hayo hujifunzwa kwa Kiingereza, na mgeni anayefikiriwa ni mtu aliyetoka mbali.

Hapa ndipo penye tatizo. Wageni wa makumbusho yetu si watu wa ng'ambo peke yao. Wamo wanafunzi wanaoletwa na walimu wao, wamo wanavijiji waliokuja mjini kwa shughuli nyingine, na wamo wazee waliolala utotoni mwao katika nyumba zinazofanana na ile wanayoonyeshwa. Mtu aliyefundishwa nyumba ya Lamu kwa Kiingereza, kisha akatakiwa aieleze kwa Kiswahili, hana budi kufanya tafsiri ya tafsiri. Wenye nyumba waliviita vyumba vyao kwa Kiamu. Watafiti wakaviandika kwa Kiingereza. Naye mwongozaji anavirudisha katika Kiswahili kwa kupitia Kiingereza. Mara nyingi kinachorudi si kile kilichoondoka.

Mwandishi wa makala haya hasemi hayo kwa kuwanyoshea wengine kidole. Niliporejea kutoka masomoni ng'ambo nilifuatana na kundi la wanafunzi hadi Lamu, nikajitolea kuwafasiria maelezo yaliyokuwa yakitolewa kwa Kiingereza ndani ya nyumba ya kale. Tulipofika katika chumba kirefu chembamba kinachoelekea uani, nikakiita "ukumbi". Bibi mmoja wa makamo ya nyanya yangu, aliyekuwa amesimama nyuma yetu na wajukuu wake, akasema kwa upole: "Mwanangu, huo si ukumbi. Huo ni msana." Nilimshukuru, nikamwomba atuelezee yeye. Alieleza kwa muda mfupi tu, lakini wanafunzi wangu walitoka wakiyakumbuka maneno yake, si yangu. Swali lililonibakia ndilo lililozaa makala haya: ilikuwaje mwalimu wa Kiswahili akawa hana Kiswahili cha nyumba ya Waswahili?

2. ISTILAHI TATU

Kabla ya kuendelea, yafaa tuyatazame maneno matatu yanayotumika katika kazi hii.

La kwanza ni makumbusho. Neno hili limetokana na kitenzi kumbuka, kwa kupitia kauli ya kusababisha, kumbusha. Wazungu wamelichukua jina lao la mahali hapa kutoka kwa Wayunani, ambao kwao lilikuwa hekalu la miungu wa kike wa sanaa na elimu. Kiswahili hakikuazima jina hilo. Kiliunda la kwake kutokana na kazi inayofanyika mahali hapo. Makumbusho ni mahali pa kukumbushwa. Tofauti hii si ndogo. Huwezi kumkumbusha mtu jambo ambalo hakuwahi kulijua. Kwa hiyo jina lenyewe linadai kwamba mgeni anaingia akiwa na kitu, na kwamba kazi ya mwongozaji ni kukiamsha. Kwa mgeni kutoka ng'ambo yamkini dai hili halitimii. Kwa bibi yule wa Lamu lilitimia kabisa, na kosa langu lilikuwa kumfundisha mtu aliyestahili kukumbushwa tu.

La pili ni jina la mwenye kazi. Yapo majina mengi, na hakuna lililotawala. Wapo wanaosema kiongozi wa watalii, wengine mwongoza watalii, na wengine, hasa Zanzibar na Tanzania bara, mtembeza watalii. Kiongozi ni neno lenye uzito wa utawala. Mtu huweza kudhani kwamba mgeni anapaswa kutii. Mtembeza lina uzuri wake kwa kuwa linataja miguu, lakini halitaji maelezo. Wale wanaowavizia wageni njiani bila idhini huitwa papasi kule Unguja, jina la yule mdudu anayeng'ang'ania na kunyonya, na jina hilo latosha kuonyesha jinsi watu wanavyoichukia kazi hii ikifanywa bila adabu. Nao wanaojaribu kulitohoa neno la Kiingereza huangukia "gaidi", ambalo halihitaji maelezo. Katika makala haya tutatumia mwongoza wageni, au kwa ufupi mwongozaji. Tumeliacha neno watalii makusudi, kwa sababu mwanafunzi wa darasa la sita kutoka Mpeketoni si mtalii, lakini ni mgeni.

La tatu ni kufasiri. Kiingereza kina neno moja kwa kazi ya mkalimani anayesimama kati ya wasemaji wawili na kwa kazi ya mwongozaji anayesimama kati ya kitu na mtazamaji. Kiswahili kinazitenganisha. Tuna kukalimani, tuna kutafsiri, na tuna kufasiri, yaani kufunua maana iliyofichika. Freeman Tilden, Mmarekani aliyeandika mwaka 1957 kitabu ambacho hadi leo ni msingi wa mafunzo ya waongozaji, alitaja kanuni sita za kazi hii. Miongoni mwazo ni kwamba maelezo yasiyogusa maisha ya msikilizaji ni kazi bure. Kwamba kutoa habari peke yake si kufasiri. Na kwamba watoto wasipewe maelezo ya watu wazima yaliyopunguzwa maji, bali wapewe maelezo ya namna nyingine kabisa. Ukizitazama kanuni hizi utaona kwamba neno letu makumbusho lilikwisha kubeba ile ya kwanza kabla hatujaisoma.

3. NYUMBA YA LAMU KAMA MATINI

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Nyumba zake za mawe, nyingi zikiwa upande wa Mkomani, zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Kutokana na boriti hizo vyumba vina umbo la pekee: ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu upana wa chumba hauwezi kupita urefu wa boriti, nao haukupita sana mita 3. Mwongozaji anayeanza kwa jambo hili amefanya vyema, kwani mgeni huona mara moja kwamba umbo la nyumba limetawaliwa na mti uliokatwa kokoni.

Lakini mpangilio wa vyumba hautawaliwi na mti. Unatawaliwa na adabu. Mtu akitoka njiani hufika kwanza dakani, mahali penye viti vya mawe huku na huku, ambapo mwenye nyumba alizungumza na wapitao. Kisha huja tekani, njia ndogo ya ndani iliyopindishwa ili mtu aliye njiani asione yaliyo uani. Kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi juu. Mgeni mwanamume aliyelazwa hapo alipewa sabule, chumba chake cha pembeni, asiweze kuingiliana na watu wa nyumbani. Mbele ya kiwanda ndipo huanza vyumba vyenyewe: msana wa tini, msana wa yuu, ndani, na nyuma yake nyumba kati. Kila chumba kimeinuliwa kidogo kuliko kilichotangulia, na kila hatua moja mbele ni hatua moja katika siri ya nyumba. Ukuta wa ndani hupambwa kwa zidaka, safu kwa safu za vishubaka vya chokaa iliyochongwa, na hapo vilitandazwa vyombo vya thamani. Katika vyumba hivyo vya nyuma ndimo yalimopita mambo makubwa ya maisha: harusi, uzazi na msiba.

Sasa tuone kinachotokea mwongozaji anapowapitisha watu thelathini kutoka dakani hadi nyumba kati kwa muda wa dakika ishirini. Amefanya jambo ambalo nyumba ilijengwa ili lisifanyike. Hatumlaumu, maana bila kufanya hivyo hakuna makumbusho. Lakini ni wajibu wake kulisema jambo hilo. Mwongozaji mzuri huwasimamisha wageni dakani, akawauliza: "Lau mngekuwa mmekuja miaka 200 iliyopita, nani kati yenu angepita hapa?" Wanafunzi huanza kuhesabiana: huyu ni mwanamume asiye jamaa, angebaki nje, huyu ni msichana, angeingia, huyu ni mchukuzi wa maji, angepita lakini asingekaa. Kwa swali hilo moja wamekwisha kuelewa nyumba ya Lamu zaidi ya vile ambavyo vipimo vyake vingewaeleza.

Jambo dogo lakini lenye faida ni hodi. Wapo wanaoona kwamba kupiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu ni mchezo wa kuigiza. Mimi naona kinyume. Hodi ni tendo la kilugha linalomgeuza mtu wa njiani kuwa mgeni. Bila hodi hakuna mgeni, yupo mvamizi. Mwanafunzi anayejifunza kuongoza afundishwe kupiga hodi dakani, angalau kwa sauti ya chini, kisha aeleze kwa nini amepiga.

Papo hapo litazuka suala la staha. Mwongozaji wa nyumba kati anawaeleza watu wa rika mbalimbali, wanaume kwa wanawake, habari za uzazi na za kuosha maiti. Kwa Kiingereza cha kitabu mambo hayo hutajwa wazi bila haya. Kwa Kiswahili cha hadhara hutajwa kwa tafsida: kujifungua, kusitiriwa, safari ya mwisho. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa Kiingereza tu hujikuta ama anawaaibisha wazee kwa kutafsiri wazi, ama anakiruka chumba kizima kwa kukosa maneno. Yote mawili ni hasara. Tafsida si kuficha. Ni njia ambayo lugha imeiweka ili jambo zito liweze kusemwa mbele ya watu.

4. MANENO YALIYOHAMA

Ugumu mwingine ni kwamba baadhi ya maneno ya nyumba yamehama maana. Mfano ulio wazi ni kiwanda. Katika nyumba ya Lamu kiwanda ni ua. Kwa mwanafunzi wa leo kiwanda ni mahali pa mitambo, na haitashangaza akiuliza ni bidhaa gani zilizokuwa zikitengenezwa hapo. Mwongozaji asimcheke wala asilikimbie neno akasema "ua" tu. Amweleze kwamba kiwanda kilikuwa mahali pa wazi, kwamba mafundi hufanyia kazi mahali pa wazi, na kwamba kutokana na kazi ya mafundi neno likasafiri mpaka kwenye mitambo. Hivyo mtoto atakuwa amepata nyumba na historia ya neno kwa pamoja.

Zidaka nalo lina funzo lake. Msemaji wa Kiswahili sanifu atasema vidaka, kwa kuwa Kiamu hutumia zi- pale Kiswahili sanifu kinapotumia vi-. Akilitambua hilo, ataona pia kwamba daka la mlangoni na kidaka cha ukutani ni ndugu: kimoja ni uwazi mkubwa ukutani, kingine ni uwazi mdogo. Mpangilio wa ngeli unamweleza mpangilio wa nyumba. Je, mwongozaji aseme zidaka au vidaka? Rai yangu ni kwamba aseme zidaka, kisha avifafanue kwa Kiswahili sanifu, kama vile mwalimu wa ushairi asivyosahihisha Kiamu cha tenzi za kale bali hukifafanua.

Ngome ya Yesu mjini Mombasa inatupa mfano mwingine. Neno gereza, ambalo wataalamu hulihusisha na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, lilipata kuwa jina la ngome, na hatimaye likawa jina la mahali pa kufungia watu. Historia ya jengo lenyewe imefuata njia hiyo hiyo: ndani ya ngome mlikuwa na kanisa la Wareno, na Waingereza wakaigeuza ngome kuwa jela tangu mwaka 1895 hadi 1958, kabla ya kufunguliwa kama makumbusho mwaka 1960. Hali kadhalika meza, bendera, kasha na leso ni maneno yaliyobakia vinywani mwetu baada ya Wareno kuondoka. Mwongozaji akiwaambia wanafunzi kwamba kila asubuhi wanapoketi mezani wanatamka neno la watu walioshindwa katika ngome hii, amewakumbusha jambo ambalo walikuwa nalo bila ya kujua.

Gede ni tofauti. Mji huo ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17, na wenyewe hawapo wa kutueleza. James Kirkman alipoanza kuuchimba mwaka 1948, nyumba zilipewa majina kutokana na vitu vilivyookotwa ndani yake: nyumba ya mkasi, nyumba ya kauri, nyumba ya sarafu za Kichina. Majina hayo yanavutia, na wageni huyapenda. Lakini mwongozaji akisema "hii ni nyumba ya mkasi" bila maelezo, msikilizaji wa Kiswahili atadhani mwenyewe alikuwa mshonaji au kinyozi, maana kwetu nyumba hutajwa kwa mwenyewe au kwa kazi yake. Hana budi kusema kwamba jina ni la mchimbaji, si la mkazi. Kinyume chake, lipo kaburi ambalo linajisemea lenyewe, lililoandikwa mwaka wa Hijra 802, yaani 1399. Tofauti kati ya jina tulilolipachika sisi na tarehe waliyoiandika wao ni somo zima la elimu ya mambo ya kale, na sasa kwa kuwa Gede nayo imeingizwa katika urithi wa dunia, mwaka 2024, somo hilo litahitajika zaidi.

5. VITENZI NA WATENDAJI

Hadi hapa tumezungumzia nomino. Lakini nionavyo mimi, mwongozaji hupima haki yake kwa vitenzi.

Tuchukue sentensi ya kawaida: "Ngome hii ilijengwa na Wareno mwaka 1593." Kauli ya kutendwa imetosheka na mtendaji mmoja. Ukweli ni kwamba ujenzi ulichukua miaka tangu 1593 hadi 1596. Mchoraji wa ramani alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Mfalme aliyetawala Ureno wakati huo, Felipe, alikuwa pia mfalme wa Hispania. Na mikono iliyochonga mwamba haikutajwa. Mwanafunzi wa kuongoza afanyishwe zoezi la kuichukua kila sentensi yenye -w- na kuuliza: nani? Akikosa jibu, aseme kwamba halijulikani, lakini asiache kauli ya kutendwa imfiche.

Mfano mgumu zaidi ni ule wa Yusuf bin Hasan, mwana wa mtawala wa Mombasa, ambaye baba yake aliuawa mwaka 1614. Alipelekwa Goa, akabatizwa na kuitwa Jerónimo Chingulia, akarudishwa Mombasa kutawala mwaka 1626. Mwaka 1631 aliishika ngome, akamuua kapteni wake, na wengi waliokuwa upande wa Wareno wakauawa. Mwaka uliofuata aliihama Mombasa. Je, mwongozaji aseme Yusuf aliasi, alisaliti, alilipiza, au alijikomboa? Kila kitenzi kina wasikilizaji wake. Katika kundi moja atakuwamo Mkristo ambaye kwake waliouawa ni mashahidi wa imani, Mwislamu ambaye kwake Yusuf alirejea katika dini ya baba zake, na mwanafunzi ambaye kwake huyo ni mpigania uhuru. Haifai kuchagua kitenzi cha kumridhisha mwenye kulipa. Wala haifai kuchagua kitenzi baridi kisichosema lolote. Njia iliyo bora ni kuyataja matendo kwanza, moja baada ya jingine, kisha kuyaweka majina hayo manne mbele ya wageni na kueleza ni nani alimwita nini. Wenyewe watajadiliana.

Kadhalika katika vita vya kuzingirwa ngome, tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Husimuliwa kama vita vya Waarabu wa Oman na Wareno, wawili tu. Lakini ndani ya kuta walikuwamo pia watu wa pwani, akiwamo Bwana Daud wa Faza, ambaye kwa muda katika mwaka 1697 aliongoza ulinzi. Mtoto wa Faza anayezuru ngome ana haki ya kusikia hayo, na mtoto wa Mombasa vile vile, hata kama hayalingani na hadithi nyepesi ya pande mbili.

6. WASIOTAJWA

Suala la mwisho ndilo zito kuliko yote. Nyumba za mawe za pwani zilihudumiwa na watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Mwongozaji anapofika penye birika la maji, hupenda kueleza jambo la kuvutia: jinsi samaki wadogo walivyowekwa ndani yake wale viluwiluwi vya mbu, na jinsi bakuli la kauri lilivyojengewa chini ili samaki wabaki na maji wakati birika linaposafishwa. Wanafunzi hulifurahia sana jambo hilo. Lakini maji yalifikaje birikani? Hapo baadhi ya waongozaji husema "yaliletwa na watumishi".

Neno hilo si kweli. Mtumishi hutokana na kutumikia, naye aweza kuondoka. Mtumwa ni aliyetumwa, naye hawezi. Na Kiswahili hakikutosheka na neno moja: kilikuwa na mtwana na mjakazi, mwanamume na mwanamke, mzalia, aliyezaliwa utumwani katika nyumba hiyo, suria, ambaye mtoto wake kwa bwana wake alikuwa huru. Wingi wa majina haya ni ushahidi. Lugha ilijua hasa kilichokuwa kikitendeka. Mwongozaji anayeyafunika yote kwa "watumishi" anaifanya lugha iseme uongo ambao haikuusema wakati ule.

Najua kwamba kusema hivyo si rahisi. Katika mji mdogo wajukuu wa pande zote mbili ni majirani, huswali msikiti mmoja na wameoleana, na mwongozaji mwenyewe huenda ni mmoja wao. Kwa hiyo simwambii asimame birikani ataje ukoo wa mtu. Namwambia ataje kazi: nani alichota, nani alibeba, nani alipika, nani alilala wapi. Kazi inaweza kutajwa bila ya kumwaibisha aliye hai, na haiwezi kufichwa bila ya kumdhulumu aliyekufa.

Jambo hili si la pwani tu. Nyumba ya Karen Blixen jijini Nairobi, iliyojengwa mwaka 1912 na kufunguliwa kama makumbusho mwaka 1986, huvuta wageni kwa ajili ya kitabu na filamu. Mwandishi huyo alitoka Denmark na aliishi katika nyumba hiyo tangu 1917 hadi 1931, shamba lake la kahawa liliposhindwa. Mwongozaji anayezungumza Kiingereza husimulia habari za upweke na mapenzi. Akizungumza Kiswahili na wanafunzi wa Dagoretti au Kikuyu, hadithi haina budi kugeuka: ardhi hii ilikuwa ya nani kabla ya kahawa? Farah Aden na Kamante Gatura, ambao majina yao yanasomwa ulimwenguni kote, walikuwa na maisha gani nje ya vitabu? Si kwamba hadithi ya kwanza ni ya uongo. Ni kwamba lugha imebadili wasikilizaji, na wasikilizaji wamebadili swali.

7. HATUA ZA MAFUNZO

Kutokana na hayo, napendekeza hatua tano kwa wale watakaotaka kufundisha kazi hii kwa Kiswahili.

(a) Miguu kabla ya maneno. Mwanafunzi aipite nyumba mara nyingi bila ya kusema, asubuhi na jioni, mpaka ajue jua linaingia wapi na watu hujikwaa wapi. Mwongozaji asiyeijua nyumba kwa miguu husoma ukuta kama karatasi, akawapa wageni mgongo.

(b) Kusikiliza wazee. Kabla ya kusoma kitabu chochote, mwanafunzi aketi na wazee wa mtaa, wanaume na wanawake, ayaandike majina ya vyumba na vyombo kama wanavyoyatamka. Awaulize hasa akina bibi, kwa sababu vyumba vya ndani vilikuwa vyao, ilhali vitabu vingi viliandikwa na watu waliopokewa dakani.

(c) Kadi za Kiswahili. Kwa kila kitu aandike kadi yenye jina, kilichokitengeneza, aliyekitengeneza, aliyekitumia, na kitenzi kinachofuatana nacho. Mbuzi ni ya kukunia nazi, kifumbu ni cha kukamulia tui, siwa hupulizwa. Jina bila kitenzi chake hukaa mdomoni kama tunda la plastiki. Mwongozaji anayesema "siwa ya pembe ya Pate" bila kusema ilipulizwa na nani na wakati gani amewaonyesha pembe tu.

(d) Wasikilizaji watatu. Afanye mazoezi mbele ya watoto, mbele ya wazee, na mbele ya wageni wa mbali, na maelezo yake yasiwe yale yale yaliyofupishwa au kurefushwa. Kwa watoto aanze na samaki wa birika. Kwa wazee aanze na swali. Kwa mgeni wa mbali aanze na hodi. Katika nyumba nyingi za kale za Uingereza nilikuta mtu wa kujitolea ameketi katika kila chumba, akingoja kuulizwa. Kwetu mwongozaji hutembea na watu na husema bila kuulizwa. Tunaweza kujifunza kutoka kwao kule kungoja, wala si lazima tuache kutembea.

(e) Kusema "sijui". Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa mwanafunzi hudhani kwamba asiyejua hafai. Wapo wanaobuni njia za chini kwa chini na hazina zilizofukiwa ili wasikose jibu. Mwongozaji afundishwe kusema, "Hilo silijui, je, kuna anayelijua kati yetu?" Katika makumbusho yetu, mara nyingi yupo.

8. HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba kazi ya kuwaongoza wageni ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya utalii. Majina ya vyumba hubeba adabu ya nyumba. Maneno yaliyohama hubeba historia. Vitenzi hubeba hukumu. Na kimya hubeba dhuluma. Mambo haya ni ya taaluma yetu, wala hatuwezi kuwalaumu waongozaji kwa kukosa kile ambacho sisi hatukuwapa. Idara za Kiswahili zina wanafunzi wanaoandika tasnifu juu ya istilahi kila mwaka. Baadhi yao watumwe Lamu, Gede, Rabai na Mombasa, wakakusanye msamiati wa nyumba kabla wenye kuujua hawajatutoka, na wanachokikusanya kirudishwe kwa waongozaji, kisibakie katika rafu za maktaba.

Mwongozaji hawi mwenye nyumba hata siku moja. Yeye ni mtu aliyekabidhiwa ufunguo kwa muda, na mlangoni aweza kukutana na mwenye nyumba hasa, amekuja na wajukuu wake. Anapotokea, mwongozaji aliyefunzwa vyema atajua la kufanya: atampisha atangulie, naye atafuata akisikiliza.